Charles Parsons: Mhandisi aliyeutuliza mtetemo wa mashine

Sehemu kubwa ya umeme unaotumika duniani huzalishwa kwa mvuke unaozungusha mapanga ya chuma yaliyopangwa safu kwa safu ndani ya mtambo uitwao turbini. Mtu aliyeufanya mtambo huo ufae kwa kazi alilazimika kwanza kumshinda adui ambaye kila fundi wa mashine anamfahamu, awe wa karakana kubwa au wa kibanda cha barabarani. Adui huyo ni mtetemo.

Charles Algernon Parsons alizaliwa London tarehe 13 Juni mwaka 1854 na kufariki dunia mwezi Februari mwaka 1931. Katika miaka hiyo 76 aliibadili bahari na kuubadili umeme. Manowari na meli za abiria zilizokuwa zikisukumwa na mitambo mizito ya pistoni zilianza kwenda kwa turbini, na mitambo ya umeme iliyokuwa ikitoa taa za jengo moja ikawa na uwezo wa kuwasha mji mzima.

Wengi wanaomkumbuka humkumbuka kwa siku moja tu, siku aliyoiaibisha manowari za Uingereza mbele ya wageni wao. Lakini kabla ya siku hiyo kulikuwa na mashua za mfano zilizochezeshwa kidimbwini, beringi zilizoundwa kwa pete za chuma, ugomvi na washirika wake wa biashara na majaribio mengi yaliyoshindwa. Baada ya siku hiyo kulikuwa na msiba.

Kasri lenye karakana

Baba yake, William Parsons, alikuwa na cheo cha Earl wa Rosse, na makazi ya ukoo wao yalikuwa kasri la Birr, katikati ya Ireland. Mji huo wakati ule uliitwa Parsonstown. Mzee huyo hakuwa mtu wa kukaa sebuleni. Alijenga katika uwanja wa kasri darubini yenye kioo cha kipenyo cha sentimita 183, iliyokamilika mwaka 1845 na kubaki kubwa kuliko zote duniani kwa zaidi ya miaka 70. Kioo chenyewe kilisubuliwa na kusuguliwa papo hapo, na mafundi wake walikuwa watu wa vijiji vya jirani.

Mama yake, Mary, alikuwa miongoni mwa wanawake wa mwanzo kabisa kupiga picha kwa kamera, naye pia aliifahamu kazi ya uhunzi. Katika nyumba ya namna hiyo haikuwa ajabu mtoto kukua akijua kukereza chuma kabla hajakwenda shule. Kwa hakika Charles, mdogo kati ya ndugu zake, hakwenda shule kabisa. Alifundishwa nyumbani na walimu walioajiriwa, miongoni mwao akiwa mtaalamu wa nyota Robert Ball, na saa zilizobaki alizitumia karakanani.

Baba alifariki mwaka 1867. Miaka miwili baadaye, tarehe 31 Agosti mwaka 1869, familia hiyo ilipatwa na jambo ambalo limeingia katika historia ya barabara. Ndugu hao walikuwa na gari la mvuke lililoundwa nyumbani kwao. Siku hiyo lilikuwa likipita katika mji wa Parsonstown, na ndani yake walikuwamo Charles, aliyekuwa na umri wa miaka 15, kaka yake Richard Clere, mwalimu wao, na Mary Ward pamoja na mumewe.

Mary Ward alikuwa binamu wa marehemu baba yao, na mwanamke mwenye jina katika elimu ya hadubini. Gari lilipokata kona alirushwa nje na kuangukia chini ya gurudumu. Alifariki akiwa na umri wa miaka 42. Kifo chake huhesabiwa kuwa miongoni mwa vifo vya kwanza duniani kusababishwa na gari lenye mtambo.

Kijana huyo basi aliyajua mapema mambo mawili kuhusu mashine: kwamba mtu aweza kuiunda kwa mikono yake, na kwamba inaweza kuua.

Mwana wa Earl avaa nguo za kazi

Charles alisoma katika chuo cha Trinity mjini Dublin, kisha akajiunga na chuo cha St John's, Cambridge, ambako alihitimu katika hisabati mwaka 1877 akiwa wa 11 katika orodha ya heshima ya mwaka huo. Vijana wa nasaba yake baada ya hapo waliingia bungeni, jeshini au kanisani. Yeye alikwenda Newcastle, kaskazini mwa Uingereza, akawa mwanagenzi katika viwanda vya William Armstrong, vilivyokuwa vikiunda mizinga, winchi na meli.

Aliitumikia kazi hiyo ya uanagenzi kwa miaka minne. Kisha akahamia kampuni ya Kitson mjini Leeds, ambako alijaribu kuunda topido zinazosukumwa kwa roketi. Mwaka 1883 alimwoa Katharine Bethell, mwanamke ambaye baadaye angejipatia sifa yake mwenyewe. Mwaka 1884 akawa mshirika mdogo katika kampuni ya Clarke Chapman mjini Gateshead, akapewa idara ya vifaa vya umeme. Hapo ndipo alipokutana na swali lililomshughulisha maisha yake yote.

Tatizo la kwenda na kurudi

Mashine za mvuke za wakati ule zilikuwa za pistoni. Mvuke huingia katika silinda, huisukuma pistoni hadi mwisho, kisha huirudisha ilikotoka. Mkono wa chuma huugeuza mwendo huo wa kwenda na kurudi kuwa mzunguko. Wakazi wa mwambao wa Ziwa Tanganyika wameishi na mtambo wa aina hiyo kwa muda mrefu, kwa kuwa meli ya Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ilisukumwa na mvuke na pistoni hadi miaka ya 1970.

Ubaya wa mtambo huo umo katika mwendo wake. Kila mara pistoni inapofika mwisho, chuma chenye uzito mkubwa hulazimika kusimama na kugeuka. Msukosuko huo hupita katika misingi ya injini, ukaingia katika mbavu za meli, ukafika hadi kwenye vyombo vya mezani. Kadiri injini inavyokwenda kasi ndivyo inavyojitikisa zaidi, hata ikafika kikomo ambacho kukivuka ni kuibomoa.

Dainamo za umeme nazo zilitaka kasi. Ili kuzipatia kasi hiyo, mafundi waliziunganisha na injini za pistoni kwa mikanda na magurudumu, na sehemu ya nguvu ikapotea njiani. Parsons alitaka mashine ambayo tangu mwanzo inazunguka tu, isiyo na kitu chochote kinachokwenda na kurudi.

Wazo lenyewe halikuwa geni. Maji yalikwishazungusha turbini katika mito ya Ulaya, kama yanavyofanya leo kule Jinja na Kidatu. Lakini mvuke si maji. Ukiachiwa mara moja kutoka katika boila yenye shinikizo kubwa, hutoka kwa kasi ya mamia ya mita kwa sekunde, na gurudumu moja lililowekwa mbele yake litahitaji kuzunguka kwa kasi inayoweza kulirarua ili kufaidi nguvu hiyo.

Jibu la Parsons lilikuwa kuugawa mteremko wa shinikizo. Badala ya mvuke kuruka kutoka juu hadi chini kwa hatua moja, aliushusha kwa ngazi. Alipanga safu nyingi za mapanga, moja baada ya nyingine, katika mhimili mmoja. Kati ya kila safu inayozunguka aliweka safu isiyozunguka, ya kuuelekeza mvuke upya. Katika kila safu shinikizo lilipungua kidogo tu, na mvuke ulipita kwa kasi ya kadiri. Hataza zake mbili zilisajiliwa mwezi Aprili mwaka 1884.

Beringi iliyoachiwa nafasi

Turbini ya kwanza ilikuwa ndogo, yenye uwezo wa kilowati 7.5. Lakini ilizunguka mara 18,000 kwa dakika, yaani mara 300 kwa kila sekunde. Hapo adui alirudi kwa sura nyingine.

Hakuna mhimili uliokerezwa ukawa sawa kabisa. Daima upande mmoja huwa mzito kidogo kuliko mwingine. Katika mwendo wa polepole tofauti hiyo haionekani. Katika mizunguko 300 kwa sekunde, gramu 1 tu iliyozidi upande mmoja, sentimita 5 kutoka katikati, huvuta kama mzigo wa kilo 18, tena ukibadili upande mara 300 kwa sekunde. Beringi ya kawaida, iliyofungwa imara katika msingi wake, haiwezi kustahimili kipigo hicho kwa muda mrefu.

Fundi wa kawaida angekaza zaidi. Parsons alifanya kinyume chake. Aliona kwamba mhimili unaozunguka kwa kasi hupendelea kuzungukia kitovu cha uzito wake wenyewe, hata kama kitovu hicho hakilingani sawasawa na katikati alikopima fundi. Akiulazimisha uache kitovu hicho, utapigana naye. Akiuachia nafasi ndogo ya kukitafuta, utatulia.

Kwa hiyo aliushika mhimili katika bushi nyepesi, na bushi hiyo akaizungushia mfululizo wa washa za chuma. Washa ya kwanza iliibana bushi bila kugusa ukuta wa nje, ya pili iligusa ukuta wa nje bila kuibana bushi, na kuendelea hivyo kwa zamu. Zote zilisukumwa pamoja kwa springi na nati, na mafuta yakapitishwa kati yake. Mhimili ulipotaka kucheza, washa ziliteleza moja juu ya nyingine, na msuguano wao ukaimeza nguvu ya mtetemo. Baadaye alizibadili washa hizo kwa mirija iliyoingizwa mmoja ndani ya mwingine, ikitenganishwa na utando mwembamba wa mafuta, nao utando huo ukafanya kazi ya godoro.

Katika miaka hiyo hiyo Gustaf de Laval wa Sweden alipambana na adui yule yule kwa njia yake, akitumia mhimili mwembamba unaopinda kidogo. Watu wawili katika nchi mbili walifikia hekima moja, kwamba kitu kinachozunguka kwa kasi hakishikwi kwa mabavu.

Hekima hiyo bado inafanya kazi hata katika michezo. Wanaoshindana kwa mashua ndogo zinazoongozwa kwa redio hutumia injini ambazo mizunguko yake hupita 15,000 kwa dakika, karibu na ile ya turbini ya kwanza ya Parsons. Anayeifunga injini hiyo moja kwa moja kwenye mwili wa mashua kwa skrubu kavu huona skrubu zikilegea, gundi ikipasuka na mitambo ya redio ikikorofika. Anayejua kazi huilaza juu ya vipande vya mpira, huhakikisha injini na mhimili vimenyooka katika mstari mmoja, na huiunganisha na rafadha kwa waya mnene unaoweza kupinda. Mpira na waya huo ni wajukuu wa beringi ya mwaka 1884.

Turbini hiyo ya kwanza ipo hadi leo katika Jumba la Makumbusho ya Sayansi mjini London.

Ugomvi na mwanzo mpya

Mafanikio hayo hayakumletea amani. Washirika wake hawakuwa na imani kubwa na turbini kama aliyokuwa nayo yeye, na mwaka 1889 walifarakana. Parsons aliondoka na kuanzisha kiwanda chake huko Heaton, Newcastle. Lakini hataza zilibaki mikononi mwa kampuni aliyoiacha. Mvumbuzi akajikuta hana ruhusa ya kutumia uvumbuzi wake mwenyewe.

Kwa miaka mitano alilazimika kuunda turbini za namna nyingine, ambazo mvuke hupita kutoka katikati kwenda pembeni badala ya kufuata urefu wa mhimili. Hazikuwa nzuri kama zile za kwanza, lakini zilifanya kazi. Mwaka 1890 kituo cha Forth Banks mjini Newcastle kilianza kuwapelekea wananchi umeme wa turbini zake, na ndicho kituo cha kwanza duniani kuhudumia umma kwa mitambo hiyo. Mwaka 1894 alizipata tena hataza zake, na mara moja macho yake yakageukia baharini.

Mashua za kidimbwini

Kabla ya kujenga chombo kamili alijenga vya mfano. Cha kwanza kilikuwa na urefu wa sentimita 61 hivi. Alikichezesha katika kidimbwi karibu na nyumba yake huko Ryton, akikivuta kwa uzi wa fimbo ya kuvulia samaki ili kupima ukinzani wa maji. Cha pili kilikuwa na urefu unaokaribia mita 2, na kilisukumwa na rafadha iliyozungushwa kwa mpira uliosokotwa. Aliyepita njiani angedhani anamwona bwana mwenye cheo akicheza kama mtoto. Lakini kutokana na vipimo hivyo alikadiria umbo na nguvu ya chombo alichokikusudia.

Chombo hicho kiliitwa Turbinia. Kilishushwa majini tarehe 2 Agosti mwaka 1894, kikiwa na urefu wa karibu mita 32 na upana wa mita 2.7 tu, na uzito wa tani 44 na nusu. Kilikuwa chembamba kama mtumbwi wa mashindano.

Majaribio ya kwanza yalimvunja moyo. Turbini ilizunguka vizuri, lakini chombo hakikwenda ipasavyo. Alibadili rafadha moja baada ya nyingine, akarudi baharini mara kwa mara, na kasi haikufika hata maili za baharini 20 kwa saa. Nguvu ilikuwapo, lakini ilikuwa inapotelea mahali fulani.

Alipotafuta aligundua kwamba rafadha ilizunguka kwa kasi mno kiasi cha kuyachana maji. Nyuma ya mapanga yake palitokea mashimo yaliyojaa mvuke wa maji, na rafadha ikawa inazunguka katika utupu badala ya kusukuma maji. Hali hiyo huitwa kavitesheni. Mashimo hayo yanapojifunga hugonga chuma kwa nguvu, huleta mtetemo na hatimaye huila rafadha yenyewe.

Ili kuyaona kwa macho, mwaka 1895 Parsons aliunda tangi dogo la maji yanayozunguka, akaweka ndani yake rafadha ndogo na kuimulika kwa mwanga unaowaka na kuzima kwa kufuata mzunguko wake, hata ikaonekana kama imesimama. Mashimo yakaonekana waziwazi. Matangi makubwa yanayotumiwa na waunda meli siku hizi kupimia rafadha yametokana na tangi hilo.

Dawa ilikuwa kuigawa kazi, kama alivyoigawa kazi ya mvuke. Aliiondoa turbini moja akaweka tatu, za shinikizo kubwa, la kati na dogo, mvuke ukipita kutoka moja hadi nyingine. Kila turbini ilikuwa na mhimili wake, na kila mhimili ulibeba rafadha tatu. Jumla ikawa rafadha tisa. Turbinia sasa ikafikia kasi ya maili za baharini 34.5 kwa saa, sawa na karibu kilomita 64. Hakukuwa na chombo baharini cha kushindana nayo.

Siku ya Spithead

Tarehe 26 Juni mwaka 1897 Uingereza ilikuwa ikisherehekea miaka 60 ya utawala wa Malkia Victoria. Manowari zaidi ya 160 zilipangwa kwa mistari katika bahari ya Spithead, kusini mwa nchi. Mwana wa mfalme, mabalozi na makamanda wa mataifa mengine walikuwapo kutazama nguvu ya dola iliyotawala bahari.

Katikati ya heshima hiyo Turbinia ilichomoka na kupita kwa kasi baina ya mistari ya manowari, moshi na moto vikitoka katika bomba lake. Parsons alikuwamo ndani. Boti za doria zilitumwa kuizuia, nazo hazikuiweza. Moja iliponea chupuchupu kupinduliwa na mawimbi yake.

Wapo walioona kuwa ni utovu wa adabu. Lakini wakuu wa jeshi la majini walikuwa wameona mbele ya mashahidi wa dunia nzima jambo ambalo ripoti isingewashawishi kuliamini. Waliagiza manowari za turbini, na miongoni mwa zile za mwanzo zilikuwa Viper na Cobra.

Msiba wa mwaka 1901

Furaha haikudumu. Tarehe 3 Agosti mwaka 1901 Viper iligonga miamba katika ukungu karibu na kisiwa cha Alderney na kupotea, ingawa mabaharia wake waliokolewa. Wiki sita baadaye, tarehe 18 Septemba, Cobra ilikuwa ikitoka Newcastle kwenda kusini kukabidhiwa silaha zake. Bahari ilichafuka, na mwili wa manowari hiyo ukakatika vipande viwili. Kati ya watu 79 waliokuwamo, 12 tu walinusurika.

Miongoni mwa waliozama walikuwamo wafanyakazi wa Parsons mwenyewe, akiwamo Robert Barnard, aliyekuwa meneja wa karakana yake ya Wallsend. Walikuwa watu aliofanya nao kazi tangu siku za Turbinia.

Mahakama ya kijeshi iliamua kwamba chombo hakikugonga mwamba wala hakikuongozwa vibaya, bali mwili wake ulikuwa dhaifu. Turbini hazikulaumiwa. Hata hivyo manowari zote mbili za turbini zilikuwa zimepotea katika msimu mmoja, na wapinzani wa uvumbuzi huo walipata la kusema. Lau angekata tamaa wakati huo, pengine turbini ingechelewa kwa miaka mingi.

Kilichoiokoa ni meli ya abiria. Mwaka huo huo wa 1901 meli iitwayo King Edward ilianza kubeba watu katika mto Clyde, Scotland, ikiwa ya kwanza duniani ya biashara kusukumwa kwa turbini. Abiria waliona tofauti kwa miguu yao wenyewe, kwani sakafu haikutikisika kama walivyozoea. Mwaka 1906 manowari Dreadnought ilishushwa majini ikiwa na turbini, na nchi zote zenye majeshi ya majini zikalazimika kuanza upya. Mwaka 1907 Lusitania na Mauretania zilianza safari za Atlantiki, na Mauretania ilishikilia sifa ya kasi katika bahari hiyo kwa miaka 20.

Mtetemo wabisha tena

Ukubwa huo mpya ulimrudisha adui wa zamani. Katika majaribio ya Lusitania sehemu ya nyuma ilitetemeka vibaya ilipokwenda kwa kasi, hata ikabidi vyumba vya daraja la pili vifumuliwe ili kuongezwa mihimili ya kuikaza. Chanzo hakikuwa turbini zenyewe. Rafadha kubwa zenye nguvu nyingi zilikuwa zikiyapiga maji karibu na mwili wa meli.

Palikuwa pia na mvutano ambao haukuwa umesuluhishwa. Turbini hupenda kuzunguka haraka, na rafadha hupenda kuzunguka polepole. Kuziunganisha moja kwa moja ni kumwonea mmoja kati ya wawili hao. Parsons alinunua meli kuukuu ya mizigo, Vespasian, akaing'oa injini yake na kuweka turbini zilizounganishwa na rafadha kwa gia. Majaribio yake ya mwaka 1910 yalionyesha kwamba meli hiyo sasa ilikula makaa machache zaidi kwa safari ile ile.

Gia nazo zilikuwa na sauti na mtetemo wao. Kosa dogo katika gurudumu la mashine iliyokata meno lilijirudia katika kila gia iliyokatwa, na meno yakagongana kwa mpigo mmoja usiokoma. Mwaka 1912 Parsons alipata hataza ya njia ya kuyasambaza makosa hayo wakati wa ukataji, ili yasikusanyike mahali pamoja. Ilikuwa ni fikra ile ile ya mwaka 1884: kosa lisiloweza kuondolewa kabisa ligawanywe hadi likose nguvu.

Nyumbani na mwisho wa safari

Katharine na Charles walijaliwa watoto wawili, Rachel na Algernon George. Rachel alikuwa miongoni mwa wanawake wa mwanzo kusoma uhandisi Cambridge. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka, kaka wa ukoo huo aliingia jeshini na Rachel akakalia kiti chake katika bodi ya kiwanda cha Heaton. Kijana huyo aliuawa vitani mwaka 1918.

Baada ya vita wanawake waliofanya kazi viwandani walitakiwa kuwapisha wanaume waliorejea. Mwaka 1919 Rachel na mama yake walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Jumuiya ya Wanawake Wahandisi ya Uingereza, na Rachel akawa rais wake wa kwanza. Uhusiano wake na baba yake haukubaki kama zamani, na kiwanda ambacho angeweza kukirithi kikapita mikononi mwa wengine. Mtu aliyejua kuachia nafasi mhimili wa chuma hakufanikiwa kulifanya hilo kwa binti yake.

Si kila alichokigusa kilifaulu. Kwa miaka mingi alitumia fedha na nguvu kujaribu kuunda almasi kwa joto na shinikizo, na mwishoni alikubali kwamba hakuna aliyewahi kufaulu, yeye mwenyewe akiwamo. Lakini turbini zilikuwa zikikua. Mwaka 1912 alipeleka Chicago mtambo wa kilowati 25,000, na katika miaka ya 1920 mwingine wa kilowati 50,000 ukaenda mji huo huo. Mwaka 1925 aliinunua kampuni ya kutengeneza darubini ya Grubb, kana kwamba anarudi katika uwanja wa kasri la baba yake. Mwaka 1927 alitunukiwa nishani ya Order of Merit, akiwa mhandisi wa kwanza kuipata.

Alifariki tarehe 11 Februari mwaka 1931 akiwa safarini na mkewe katika meli Duchess of Richmond, huko Kingston, Jamaica. Meli hiyo ilikuwa ikisukumwa na turbini za mvuke kwa gia. Alizikwa Kirkwhelpington, Northumberland.

Turbinia imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Discovery mjini Newcastle, na rafadha zake tisa zinaonekana. Katika bonde la ufa nchini Kenya, mvuke unaotoka ardhini huko Olkaria umekuwa ukizungusha turbini tangu mwaka 1981, ulipoanza mtambo wa kwanza wa megawati 15. Mvuke huo hupita katika safu za mapanga, ukishuka ngazi kwa ngazi. Na mafundi wa zamu hukagua kila siku kipimo kimoja wasichokifanyia mzaha, kile cha mtetemo wa beringi.